Mguu Haujapata Habari

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza kuandika. Daktari aliyenipasua ndiye aliyenishauri: kila siku niandike mguu uko vipi, nimefanya nini, nimelalaje. Alisema maneno machache yanatosha. Mimi ni msusi. Maneno machache sijayazoea.

Nianze basi. Mwaka jana diski moja kati ya pingili za chini za mgongo ilichomoza, ikabana mshipa wa fahamu unaoshukia mguu wa kushoto. Maumivu yalianzia takoni, yakapita nyuma ya paja, yakaishia kwenye kidole gumba, kama vile mtu ameniingiza waya wa moto akasahau kuutoa. Nilisuka vichwa vya watu nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Mume wangu akatafuta daktari, akanisihi nikubali kisu, nikakubali. Mwezi uliopita walikitoa kile kipande kilichochomoza. Kovu limefunga vizuri. Mgongo umetulia.

Mguu haujapata habari hiyo.

Jumatano, 5 Machi

Mguu: unauma. Mvua: inanyesha.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe amekuja kutuangalia, maana pacha wangu wako shule ya bweni na mimi siruhusiwi kuinua hata ndoo. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu, na kazi ile haijamtoka. Anagonga mlango mara moja, halafu yuko ndani. Anatandika kitanda mpaka kinafanana na bahasha. Maishani mwake amesikia kila aina ya ugonjwa unaozuka saa ya usafi na kupona saa ya chakula.

Leo baada ya kula nilijilaza. Akasimama mlangoni.

"Mkwe, umelala tena?"

Nikamwambia ni mguu. Aliutazama mguu wangu kama anavyotazamwa msichana anayedai ana homa na paji lake ni la baridi. Kisha akaenda jikoni, na sahani zikaoshwa na mtu aliyetaka zisikike.

Jumatatu, 10 Machi

Mume wangu akirudi kazini, kabla hajavua viatu, anauliza: "Bado?"

Namjibu, "Bado."

Ni mtu mpole, sitaki kumsingizia. Wiki ya upasuaji alinisuuza miguu, akanilisha kwa kijiko. Ila ni fundi wa mafriji. Kwake kifaa kibovu kikitoka, friji lazima lipoe. Lisipopoa, basi mwenye nyumba anafungua mlango wake kila dakika. Anaona mimi ndiye ninayefungua mlango: kwamba naufikiria mguu mno, ndiyo maana haupoi.

Jumanne, 11 Machi

Bado.

Alhamisi, 13 Machi

Kliniki. Daktari wangu anaongea kwa sauti ya chini, inabidi umwinamie, na mimi kuinama ndiko nisikokuweza. Aliniambia mshipa uliobanwa kwa muda mrefu huchukua miezi kutulia. Akaniambia ninyanyue kidole gumba huku anakikandamiza. Cha kulia kilimshinda. Cha kushoto alikishusha kwa kidole kimoja. Akaandika kitu.

Aliuliza nalalaje. Mume wangu akajibu kwamba nalala vizuri. Akauliza naweza kutembea umbali gani. Mume wangu akajibu kwamba natembea, ila naogopa.

"Ni mtu wa hofu, daktari. Tangu zamani."

Nilikaa pale kama mtoto aliyeletwa kupimwa uzito. Ningeweza kusema. Sijui kwa nini sikusema. Nadhani nilitaka iwe kweli.

Nimepewa vidonge vya kutuliza mishipa na mazoezi ya kufanya chini sakafuni. Tukiwa tunaondoka daktari akaniambia jambo moja zaidi, na hapo alipandisha sauti kidogo: nikipata ganzi sehemu ninayokalia, au mkojo ukigoma, au miguu yote miwili ikilegea, nisingoje kliniki, nije saa yoyote. Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Nami nikaitikia, kama mtu anayesomewa masharti ya kupanga chumba.

Jumatatu, 17 Machi

Nimerudi saluni nusu siku. Saluni ni yangu na mwenzangu tunayemwita Vidole, maana vyake vinakimbia kuliko macho ya mteja. Kanitengea kiti kirefu, akakikalisha karibu na dirisha, hakusema neno. Nilimshukuru kwa hilo la kutosema.

Wateja wamesema kwa niaba yake. Mmoja shangazi yake alipasuliwa mgongo na sasa anacheza dansi. Mwingine, wa kwake hakuamka kwenye meza ya upasuaji. Wote wawili walitaka nisiwabane nywele za mbele.

Alhamisi, 20 Machi

Vidonge vinanifanya nione dunia kupitia chandarua. Mguu hauoni chandarua.

Jumapili, 23 Machi

Kila asubuhi kuna dakika mbaya: kutoka kitandani hadi kusimama wima. Mume wangu akiwepo naifanya taratibu nikitabasamu kama mtu anayepigwa picha. Leo alikuwa ametoka. Niliingia bafuni, nikang'ata taulo, nikashika sinki kwa mikono miwili mpaka waya ule upite.

Mlango ukagongwa mara moja. Mama mkwe akaniona na taulo mdomoni.

Akarudisha mlango taratibu, yeye ambaye milango huifunga ikasikika mtaa wa pili.

Jioni alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda, kile kitanda chake cha bahasha, bila kujali shuka linajikunja.

"Wasichana wangu waliojisingizia walikuwa wanaumwa mbele za watu," aliniambia. "Wewe unaumwa kwa kujificha. Tangu lini?"

Nikamwambia tangu siku niliyotolewa nyuzi. Akauliza kama mwanawe anajua. Nikasema anajua ninachomwambia. Akainuka, akaenda kuosha vyombo. Leo sikuvisikia.

Jumanne, 25 Machi

Bado.

Jumatano, 2 Aprili

Kandambili ya kushoto inanitoka njiani yenyewe. Mara mbili leo nimerudi nyuma kuifuata kwenye matope. Vidole anasema siku hizi ananijua nikiwa bado kwenye ngazi: mguu mmoja unatua, wa pili unapiga sakafu kofi.

Nilimwomba mume wangu apige simu hospitali waisogeze kliniki yangu mbele. Akasema madaktari wana ratiba zao, na kama kila mgonjwa akipiga simu kila anaposikia kitu watafanya kazi saa ngapi. Nikamwambia sisikii kitu; mguu umelegea. Akaweka kijiko chini.

"Unataka wakupasue tena? Ndicho unachotaka?"

Nilimwona saa ile kama mtu nisiyemjua. Nilijiambia: huyu amenichoka. Anataka mke aliyetengenezwa arudishwe nyumbani na karatasi ya dhamana. Tukamaliza kula kila mtu na sahani yake. Mama mkwe alikuwa anatutazama kwa zamu.

Alhamisi, 3 Aprili

Nilipiga mwenyewe. Msichana wa mapokezi alisema daktari amejaa mpaka tarehe yangu ileile. Akauliza ni dharura? Mume wangu alikuwa anafunga kamba za viatu pembeni yangu. Nikasema hapana.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua haikati. Nguo hazikauki, ukuta wa chumbani umeota ukungu. Vidonge vimeongezwa, kwa simu tu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeinama kuchomeka mashine ya kukaushia nywele, nikapiga chafya nikiwa nimeinama. Kitu kimesogea. Maumivu yameshuka miguu yote miwili. Vidole na mteja mwenye nywele nusu wamenilaza kwenye benchi. Nimewaambia nimeteleza.

Jumatano, 16 Aprili

Naandika nikiwa wodini, nimelala chali, daftari limesimama tumboni. Nataka kuyaandika yote kabla watu hawajaanza kunisimulia walivyoyaona wao.

Jumapili niliamka bila maumivu. Hilo ndilo la kwanza. Niliamka na waya haupo, nikalala pale nikisikiliza mvua juu ya bati, na nikafurahi kama mjinga. Nikafikiri ile chafya imerudisha kitu mahali pake. Nikaenda chooni, naburuta unyayo, lakini moyo mwepesi.

Nikakaa. Hakikutoka kitu. Nikafungulia bomba nisikie maji, kama tunavyowafanyia watoto. Tumbo la chini limejaa, nalisikia kwa mkono limekuwa gumu kama mpira, lakini ile haja yenyewe, ile hamu ya kwenda, haikuwepo. Nikachukua karatasi nikajifuta. Ilikuwa kama kumfuta mtu mwingine. Mkono wangu ulijua unagusa. Mimi nisijue ninaguswa. Nikajifinya. Hakuna. Nikajifinya kwa kucha. Hakuna.

Sauti ya daktari ikanijia neno kwa neno. Na bado nilikaa pale. Nilijua nikitoka nitaulizwa "bado?", na nitapaswa kusema neno ambalo sijawahi kulisema mbele ya mume wangu mwanga ukiwaka, sembuse mbele ya mama yake.

Mlango ukagongwa mara moja.

Mama mkwe alinikuta nimekaa na kanga magotini. Kuna mambo mkwe hamwambii mama mkwe. Tumeishi miaka yote hii tukiita haja ndogo "kutoka kidogo". Nikaangalia vigae.

"Mama," nikasema, "mkojo hautoki. Na huku chini sijisikii."

"Huku wapi?"

Nikamwonyesha. Hakugeuza uso. Alinishika kwapa, akaninyanyua, akanivalisha kama alivyowavalisha watoto wa watu kwa miaka na miaka.

Mume wangu alikuwa sebuleni na redio. Mama yake akamweleza kwa maneno yale yale, bila kuyafunika. Mwanawe alikuwa mweupe midomoni, lakini alianza kupanga: ni Jumapili, daktari hayupo, barabara ya bondeni imejaa maji, labda ni vidonge, vidonge vinafunga mkojo, ninywe maji kwanza, kesho asubuhi mapema ndiyo tuende.

"Daktari aliwaambia nini mlipotoka kwake?" mama yake akauliza.

Redio ikaendelea kuongea peke yake.

"Aliniambia nisingoje," nikasema mimi. "Ulikuwepo."

"Washa gari," mama akamwambia.

"Mama, maji ya pale bondeni..."

"Sijakuuliza habari za maji."

Tuliondoka na pikapu lake la kazi, friji la mteja bado limefungwa nyuma, likigonga ubavuni kila tunapoingia shimo. Nilikaa kati yao. Kila shimo lilipaswa kuniua, na sikusikia kitu, na kule kutosikia ndiko kulikonitisha kuliko maumivu yote ya miezi ile.

Bondeni maji yalikuwa yamekata barabara, ya kahawia, yakibeba matawi. Mume wangu akasimamisha gari. Nikangoja aseme tunarudi. Akavua viatu, akashuka, akaingia majini kupima kina. Tulimtazama kupitia kioo wakati vipanguzi vinampoteza na kumrudisha: magotini, mapajani, kiunoni. Akayumba, akashika nguzo, akarudi. Akapanda, akashika usukani.

"Hapapitiki," akasema.

Mama yake akafungua mdomo.

"Nimesema hapa hapapitiki. Sijasema hatuendi."

Akarudisha gari kinyumenyume mpaka juu, akakata kwenye njia ya machimbo ya kokoto, njia ambayo hata malori huiogopa wakati wa mvua. Mara mbili tulizama. Mara ya pili alishuka na mama yake, wakafungua kamba, wakalisukuma lile friji likaanguka kwenye matope, pikapu likapata wepesi likatoka. Friji la watu. Tuliliacha pale limefungua mlango kuelekea mvua. Hakuna aliyelitaja.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Akamgeukia mume wangu, kama wanavyofanya wengi, akauliza tatizo ni nini. Mume wangu akavuta pumzi. Nikajua anachotaka kusema, nilikuwa nimeshakisikia: ni mtu wa hofu. Maji yalikuwa yanamtiririka toka suruali hadi sakafuni.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Mimi nimemjibia sana."

Nikasema. Nilisema yote, chafya, kandambili, taulo, choo, nikaona kalamu yake ikisimama niliposema sijisikii. Alinigusa kwa ncha ya pini huku na huku, nikawa nasema hapana, hapana, hapana. Wakaniwekea mpira wa mkojo, na mfuko ukajaa mpaka muuguzi akaenda kuleta mwingine. Wakanipeleka kwenye mashine ya picha. Nikiwa bado ndani, yule daktari wa zamu akampigia daktari wangu nyumbani kwake.

Kipande kingine cha diski ile ile kilikuwa kimetoka, kikubwa kuliko cha kwanza, kimeziba njia ya mishipa yote inayoshuka chini. Walinipasua kabla giza halijaingia.

Daktari wangu alikuja jana na sauti yake ya chini. Safari hii aliinama yeye.

"Kuna kitakachorudi haraka," akaniambia, "kuna kitakachorudi polepole, na kuna kisichorudi. Leo sijui kipi ni kipi. Ila mngengoja hadi Jumatatu, ningekuwa na maneno mabaya zaidi."

Mume wangu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Alitoka nje, hakurudi mpaka saa ya wageni ilipokwisha.

Jumamosi, 19 Aprili

Wametoa mpira wa mkojo. Hakuna. Wameurudisha.

Jumatatu, 21 Aprili

Wameutoa tena. Nimekaa kwenye beseni la wodi, pazia limevutwa, mama mkwe nje ya pazia anaimba chini chini wimbo wa kuamshia bweni. Halafu nikasikia tone kwenye bati. Halafu mengine. Sijasikia yakitoka, nimesikia yakigonga. Nikasema "Mama," naye akaacha kuimba, na wagonjwa wanne tusiojuana wakapiga makofi kwa ajili ya mkojo wa mtu mzima. Nimecheka mpaka mshono umeuma.

Ijumaa, 25 Aprili

Nyumbani. Mume wangu amenibeba ngazini ingawa ningeweza kupanda. Alipoketi aliniambia bila mimi kumwuliza.

"Kila siku nilipokuuliza, nilikuwa naomba useme umepona. Mimi ndiye niliyekusihi ukubali kisu. Usipopona, basi nilikupeleka ukakatwe bure. Sikuweza kulala na hilo."

Nikamwambia nami sikuweza kulala, na sababu yangu ilikuwa mguuni. Akasema anajua. Nikamwambia alinifanya nionekane mwongo mbele ya daktari, na kwamba nusu ya uoga wangu chooni siku ile ilikuwa kumwogopa yeye, si ugonjwa. Akasema anajua. Aliniomba msamaha. Nilimwambia nimemsikia. Kusamehe ni kazi nyingine, na leo sina nguvu zake.

Kwa hiyo hakuwa amenichoka. Alikuwa anaogopa, na mimi nikauita uoga wake kwa jina jingine, kama yeye alivyouita wangu. Hilo halinifutii maumivu. Ila nimeliandika.

Jumapili, 27 Aprili

Waya umerudi. Si ule wa zamani, huu ni mwembamba, unachoma ubavu wa mguu hadi juu ya unyayo. Nimemwambia saa ile ile. Hajauliza kitu. Amenyanyua simu.

Jumanne, 6 Mei

Kliniki. Ganzi inapungua toka kingo kuelekea kati. Unyayo unanyanyuka kidogo. Nimepewa kifaa cha plastiki cha kuushikilia ndani ya kiatu. Kuhusu maumivu, nilimwomba daktari anijibu kama angemjibu dada yake. Akasema mshipa umeumizwa mara mbili. Unaweza kutulia, unaweza usitulie. Kisu hakina tena cha kufanya pale. Tutakuwa tunatafuta namna ya kuyapunguza maumivu, yeye na mimi na mtaalamu wa mazoezi.

Mume wangu alikuwepo. Swali la nalalaje lilipokuja, alitazama dirishani akaniacha nijibu.

Nililia kwenye gari. Nilikuwa bado nangoja mtu aniambie tarehe ya kupona.

Jumatano, 14 Mei

Saluni, saa chache. Vidole ameondoa benchi moja akaweka kitanda chembamba nyuma ya pazia. Nilimsuka mteja upande mmoja, nikamwambia naenda kulala kidogo. Alikasirika, akatazama saa, akangoja. Hakuna aliyekufa.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua imekata. Unauma.

Jumapili, 25 Mei

Mama mkwe anaondoka keshokutwa. Mizigo yake imeshafungwa, iko mlangoni imejipanga kwa urefu. Mchana alikuja chumbani na kitana na chupa ya mafuta, akafungua kilemba. Sijawahi kuona kichwa chake wazi. Nywele nyeupe, laini, chache mbele.

"Nasafiri," akasema. "Sitaki kwenda kama kinyago, na nyumbani kwa mwanangu kuna msusi."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, mito mgongoni, mguu umenyooshwa. Yeye akakaa chini kwenye zulia, mabega yake kati ya magoti yangu. Nikamgawa katikati. Mwanzoni shingo ilikuwa ngumu, ya kimatroni. Kisha ikalegea, kichwa kikanilalia gotini, nikasuka nikisikia pumzi zake.

Nilipomaliza upande wa kulia, waya ukawaka. Mikono yangu ikapunguza mwendo.

"Mguu?" akauliza bila kugeuka.

"Unauma, mama."

"Basi. Utamalizia kesho."

Nikamwambia hawezi kukaa hivyo, upande mmoja mistari, upande wa pili umesimama kama amepigwa na umeme. Akainuka kwa kushika kitanda, akajitazama kwenye kioo, akatafuta pochi yake. Kilemba kimebaki hapa kitandani. Ameenda dukani kununua mkate, barabara nzima, saa hii watu wote wako vibarazani, na akitoka mlangoni nimemsikia akimwambia mume wangu kwamba atakayemwuliza habari za kichwa chake atamwambia mkwe wake amepumzika.